Damu ya dharura na damu ya miadi



Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja wa Temeke alituletea swali ambalo niliona si haki kulijibu kwa dakika moja mwishoni mwa kipindi. Anasema mpwa wake, binti wa dada yake, anaishi London na ana ugonjwa wa selimundu, huu ambao wengi wetu tunauita siko seli. Kila baada ya wiki sita binti huyo huenda hospitali "kubadilishwa damu", na tarehe zake anazijua mapema. Msikilizaji wetu anauliza mambo mawili. La kwanza, je, ni kweli kwamba mtu anaweza kutolewa damu yote akatiwa nyingine? La pili, na hili ndilo lililonigusa, inakuwaje damu iwe na miadi kama nguo kwa fundi cherehani? Yeye kila alipomwona mtu akiongezewa damu zilikuwa ni mbio, vilio na ndugu kutafutwa usiku wa manane.

Nitayajibu yote mawili. Lakini hili la pili linahitaji tupite njia ndefu kidogo, kwa sababu ndani yake imo historia ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu ya historia hiyo imetokea hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo, bapa, zimebonyea katikati mfano wa kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole. Ni laini, kwa hiyo hupenya katika mishipa myembamba kuliko unywele zikipeleka oksijeni kila pembe ya mwili. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo zikishaitoa oksijeni hukakamaa na kupinda kama mundu wa kukatia majani. Hunasa na kuziba njia, na sehemu iliyo mbele ya kizibo hukosa hewa. Hapo ndipo yanapozuka yale maumivu makali ya mifupa yanayowaliza hata watu wazima. Kizibo kikitokea kifuani mgonjwa hushindwa kupumua. Kikitokea katika mishipa ya ubongo, mtoto wa miaka mitano anaweza kupatwa na kiharusi kama mzee wa miaka sabini. Tena chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mgonjwa huishi na upungufu wa damu, na macho yake mara nyingi huwa ya manjano.

Wazee wetu wa Afrika waliujua ugonjwa huu kabla ya darubini. Daktari Felix Konotey-Ahulu wa Ghana aliufuatilia katika ukoo wake mwenyewe kurudi nyuma hadi mwaka 1670. Katika vitabu vya madaktari wa Ulaya na Marekani, hata hivyo, uliingia mwaka 1910 tu. Mgonjwa alikuwa kijana mweusi, Walter Clement Noel, aliyetoka kisiwa cha Grenada mwaka 1904 kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Mwaka haukuisha kabla hajalazwa. Daktari kijana, Ernest Irons, alipoitazama damu yake kwa darubini aliona chembe ndefu zilizopinda. Mkubwa wake, James Herrick, ndiye aliyeandika taarifa, na jina la Noel halikutajwa humo. Noel alihitimu masomo, akarudi kwao, akafanya kazi ya kutibu meno, na mwaka 1916 akafariki akiwa na umri wa miaka 32. Hakukuwa na dawa ya kumpa.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza matokeo ya vipimo vya damu walivyofanya Uganda. Huko Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, watu 45 hivi katika kila mia walikuwa wakibeba urithi wa mundu bila ya wenyewe kuugua. Mwaka huo huo, huko California, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini, yaani ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Naye Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alizunguka akipima damu za watu wa pwani, wa nyanda za juu na wa kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1954 alieleza alichokiona: penye malaria nyingi ndipo penye mundu mwingi. Anayerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa baba na mama ndiye mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye selimundu. Kwa hiyo ndugu msikilizaji, si laana, si mkono wa mtu, na wala si kosa la mama peke yake kama wakwe wengine wanavyopenda kusema.

Hivi leo inakadiriwa kwamba katika Tanzania peke yake huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hilo si jambo la watu wachache.

Sasa tugeukie historia ya pili, ya damu kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mwaka 1901, huko Vienna, Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu, na kuanzia hapo ikafahamika kwa nini wengine walikuwa wakifa baada ya kuongezewa damu. Lakini kwa miaka mingi mtoaji ilibidi awe karibu na kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa ndiye aliyeingoja damu. Mwaka 1937, katika hospitali ya Cook County, katika jiji lile lile la Chicago, daktari Bernard Fantus alifungua kile alichokiita benki ya damu, ambako damu ilihifadhiwa kwa ubaridi kwa siku kadhaa. Kuanzia siku hiyo mambo yaligeuka, na damu ikaweza kumngoja mgonjwa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya miadi.

Wagonjwa wa selimundu nao wakaanza kuongezewa damu pale inapopungua sana. Wengi walipona kwa njia hiyo, na hadi leo wanapona. Lakini kuongeza tu kuna mipaka yake, na mipaka ni miwili.

Wa kwanza ni uzito wa damu. Ukiwa na sufuria ya uji, ukaendelea kutia unga bila kupunguza kitu, uji utakuwa mzito. Damu yenye chembe nyingi za mundu ikiongezewa chembe nyingine nyingi juu yake huwa nzito, hupita kwa taabu, na kile kiharusi ulichokuwa unakikimbia unaweza ukakikaribisha. Mpaka wa pili ni madini ya chuma. Kila chupa ya damu ina kiasi cha miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kuutoa wote. Mtu akiongezewa chupa baada ya chupa kwa miaka, chuma hicho hujilimbikiza katika ini na moyo na kuviharibu.

Jibu likaonekana: toa kwanza, ndipo utie. Wazo hilo halikuanzia kwa wagonjwa wa selimundu. Katika miaka ya 1940 madaktari wa Marekani, akina Harry Wallerstein wa New York na Louis Diamond wa Boston, walikuwa wakiwabadilisha damu watoto wachanga ambao damu yao imepigana na ya mama. Madaktari wa selimundu wakalichukua wazo hilo. Kwa mkono hufanyika hivi: unatoa damu kiasi kwa mgonjwa, unampa majimaji ya chumvi mshipa usilegee, unatoa tena, kisha unatia damu ya mchangiaji, na mahesabu yakiandikwa chupa kwa chupa. Ni kazi ya saa nyingi inayotaka muuguzi asiyebanduka. Haitaki mashine, na inaweza kufanyika hata katika hospitali isiyo na vifaa vya kifahari, ilimradi wawepo watu waliofunzwa na damu iwepo.

Mashine nayo ina kisa chake. Katika miaka ya 1960 mhandisi wa kampuni ya IBM, George Judson, ambaye mwanawe alikuwa na saratani ya damu, alishirikiana na daktari Emil Freireich wa taasisi ya saratani ya Marekani kutengeneza chombo cha kutenganisha damu. Hufanya kazi kama ile mashine ya kutenganisha krimu na maziwa: damu huzungushwa kwa kasi, vizito vikaenda upande wake na vyepesi upande wake. Kwa njia hiyo mashine za kizazi kilichofuata zikaweza kuzitoa chembe nyekundu za mgonjwa, kumrudishia majimaji ya damu yake mwenyewe, na kumtilia chembe za wachangiaji, yote kwa wakati mmoja na kwa muda wa saa mbili hivi.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwanza la msikilizaji wetu. Hapana, damu haitolewi yote. Zinatolewa chembe nyekundu kidogo kidogo huku nyingine zikiingia, na mwishoni himoglobini ya mundu iliyobaki aghalabu hukusudiwa iwe chini ya asilimia 30. Wala si tiba ya kumaliza. Mifupa ya mgonjwa huendelea kutengeneza chembe za mundu zile zile, na za kuazima huzeeka na kufa. Ni kama kutoa maji katika ngalawa inayovuja. Anayetoa kwa ratiba husafiri, na anayengoja mpaka maji yamfike magotini ana hatari ya kuzama.

Kwamba ratiba ina nguvu kuliko mbio, hilo limethibitishwa. Bila kinga, mtoto mmoja katika kila kumi hivi wenye aina kali ya selimundu hupatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Daktari Robert Adams wa Augusta, katika jimbo la Georgia, alitumia kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa kwenye panja la mtoto kupima kasi ya damu ubongoni. Mishipa iliyobanwa hupitisha damu kwa kasi, kama maji katika mpira uliobanwa mdomo. Watoto 130 waliokuwa na kasi ya hatari waligawanywa mafungu mawili. Matokeo yalitoka mwaka 1998. Katika fungu la watoto 67 waliotibiwa kama kawaida, 11 walipata kiharusi. Katika fungu la watoto 63 waliopewa damu kwa ratiba, wengine kwa kuongezewa na wengine kwa kubadilishwa, alipata mmoja tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima wengine.

Je, mtoto akishatulia miadi inaweza kukatishwa? Swali hilo nalo liliulizwa, na jibu lilitoka mwaka 2005. Katika watoto 41 walioachishwa, 14 walirudi kwenye kasi ya hatari na wawili wakapata kiharusi. Katika 38 walioendelea, hakuna hata mmoja aliyepatwa na lolote kati ya hayo. Ngalawa ilikuwa bado inavuja.

Basi miadi yenyewe hupangwaje? Daktari huangalia uzito na urefu wa mgonjwa, wingi wa damu yake na kiasi cha mundu kilichomo. Kwa hizo hukokotoa chupa zitakazohitajika, ambazo kwa mtu mzima mara nyingi ni sita hadi kumi kwa kikao kimoja. Hupanga kikao kijacho kabla mundu haujapanda tena, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi nane. Siku chache kabla, sampuli ya mgonjwa hupelekwa maabara kuoanishwa na damu za wachangiaji. Damu inayotakiwa ni mbichi, ya siku chache, na itoke kwa mtu asiyebeba mundu. Mshipa wa kupitishia hutazamwa mapema, maana mishipa ya wagonjwa hawa imechomwa sindano tangu utotoni. Siku yenyewe kalisi ya damu huangaliwa, kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande huishusha. Mwishoni mundu hupimwa tena, na tarehe nyingine huandikwa.

Lakini daktari anaweza kupanga kila kitu, na asipokuwapo mchangiaji amepanga bure. Makundi ya damu si A, B, AB na O peke yake. Yapo makundi madogo mengi, kama yale ya Rh na Kell, na mgonjwa anayepokea damu za watu wengi kwa miaka anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya yale asiyokuwa nayo. Mwaka 1990 daktari Elliott Vichinsky wa California na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa weusi waliokuwa wakipewa damu ambayo wachangiaji wake wengi mno walikuwa Wazungu walipata kingamwili hizo kwa kiasi cha 30 katika mia. Sababu kubwa ilikuwa tofauti ya makundi madogo kati ya watoaji na wapokeaji. Kwa hiyo mpwa wa msikilizaji wetu kule London anategemea sana Waafrika na watu wa Karibiani wa Uingereza. Kuna aina moja iitwayo Ro ambayo zaidi ya nusu ya watu wenye asili ya Afrika wanayo, ilhali ni adimu miongoni mwa Wazungu. Wauguzi wa huko hawachoki kuwasihi watu weusi wajitokeze. Nawaomba Waswahili wenzetu mlioko ughaibuni mnaosikia haya mlitie moyoni.

Na sisi tulio nyumbani? Sisi tunayo bahati ambayo London haina. Jirani yangu na mtoto mgonjwa wa mtaani kwetu wana damu zinazokaribiana. Tunachokosa ni ile desturi ya miadi.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mtu mzima mmoja anayebadilishwa damu kila baada ya wiki sita, chupa nane kila kikao, anahitaji chupa karibu 70 kwa mwaka. Mwanaume anaruhusiwa kutoa damu kila baada ya miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Kwa hiyo nyuma ya mgonjwa mmoja lazima wawepo wanaume 18 wasiokosa hata mara moja, mwaka baada ya mwaka. Ndugu kumi na wanane wa ukoo mmoja mtawatoa wapi? Hawapatikani. Ni lazima wawe watu baki, wasiomjua mgonjwa wala kujuliwa naye.

Hapa ndipo penye ugumu wetu. Tumezoea damu ya dharura. Ajali imetokea, mama amejifungua vibaya, ndugu wanaitwa. Sisi watangazaji tumesoma redioni matangazo ya namna hiyo mara nyingi, na watu huja, maana huruma tunayo. Tatizo ni kwamba huruma ya dharura haina kalenda. Wachangiaji wetu wa hiari kwa miaka mingi wamekuwa wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa majokofu ya damu nayo hupungua. Mtoto mwenye selimundu hana likizo.

Wapo pia wanaoogopa, na woga huo una historia. Enzi za ukoloni, kuanzia Mombasa hadi Kampala, watu walisimuliana habari za mumiani, na za wazimamoto wanaokamata watu usiku kuwanyonya damu. Baadaye, katika miaka ya 1980, ukaja ukimwi, na damu ikaogopwa upya. Leo damu hupimwa kabla haijatolewa kwa mgonjwa, na sindano ya mchangiaji hutumika mara moja tu. Lakini hofu ya babu huweza kukaa kwa mjukuu bila ya mjukuu kujua imetoka wapi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mwenye selimundu abadilishwe damu. Kuna dawa ya haidroksiyurea, ambayo mwaka 1995 ilithibitishwa kupunguza maumivu kwa watu wazima. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba watoto wetu nao wanaitumia kwa usalama na kwa faida, hata vifo vikapungua. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo njia iliyo karibu. Kubadilishwa damu ni kwa wale ambao kiharusi kimewafika au kinawanyemelea, ambao kifua kimeziba, au ambao dawa haikuwatosha. Uamuzi huo ni wa daktari. Ila wagonjwa hao wapo, na kwao hakuna badala ya mtu mwingine kunyoosha mkono.

Kila mwaka tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner, dunia huwakumbuka wachangiaji damu. Siku tano baadaye, tarehe 19 Juni, huwakumbuka wagonjwa wa selimundu. Ningependa yule anayetoa damu tarehe 14 ajue kwamba chupa yake ingali mbichi tarehe 19, na kwamba huenda kuna mtoto aliyepangiwa. Kisha achukue kalenda ya ukutani, ahesabu miezi mitatu kama ni mwanaume au minne kama ni mwanamke, na azungushie tarehe kwa kalamu. Hiyo ndiyo miadi. Kule London inaanza na mtu wa namna hiyo, na hata hapa kwetu haina mwanzo mwingine.

Hadi juma lijalo, nakutakia siku njema.